Enkoda ya h264_vaapi inanigomea kwenye programu ya kurusha laivu, msaada

mdau_sakina (Arusha)
Wadau habari za jioni. Tuna kiprogramu chetu huria cha kurusha laivu, tunakitumia kwenye ibada na sendofu, kinaenkodi (kubana video iwe ndogo) kwa libx264, enkoda inayotumia prosesa, kupitia maktaba za video za FFmpeg. Sasa kwenye laptopu tuliyonayo, Core i5 ya kizazi cha nne, ukiweka 1080p tu prosesa inagonga asilimia 100, feni inalia kama mashine ya kusaga halafu picha inaanza kukatakata pale pale MC anapoita ndafu iingie ukumbini, aibu tupu. Nikasema niweke h264_vaapi kazi ihamie kwenye kadi ya picha, nimebadilisha jina la enkoda, imegoma kufunguka inadai eti haijapewa fremu za hadwea. Nafanyaje?

fundi_majengo (Moshi)
Jina tu halitoshi mkuu. libx264 inasoma fremu kwenye RAM ya kawaida, h264_vaapi inataka fremu iliyo tayari kwenye memori ya kadi. Fungua kwanza kifaa, /dev/dri/renderD128, tengeneza hw_frames_ctx (maelezo ya fremu zitakazokaa kwenye kadi) yenye sw_format, yaani mpangilio wa pikseli, wa NV12, mpe enkoda KABLA hujaifungua, halafu kila fremu igeuze toka mpangilio wa yuv420p iwe NV12 ndo uipandishe kwa av_hwframe_transfer_data. Kwenye sosi ya FFmpeg, doc/examples, kuna faili la vaapi_encode.c, linafanya hayo yote, lisome hilo acha kubahatisha.

mama_seva
Kabla hamjafika huko piga vainfo, amri inayoonyesha kadi yako inaweza kazi zipi za video. Kama mistari ya H264 haina VAEntrypointEncSlice basi hapo hakuna kuenkodi hata uandike nini. Kizazi cha nne ni draiva ya Intel ya i965, hii mpya ya iHD inaanzia cha tano, na kuenkodi HEVC (H265, mrithi wa H264) kwa mashine hiyo sahau. Halafu yuza awe kwenye grupu la render au video, asipokuwepo unanyimwa ruhusa unabaki kulaumu draiva bure.

mdau_sakina
EncSlice ipo dada, asante sana. Sasa libx264 niing'oe kabisa?

fundi_majengo
Weee usiing'oe! Kifaa kikikataa kufunguka programu irudi yenyewe kwenye libx264, preset (mpangilio wa kasi) ya veryfast. Na kwa bitireti (kiasi cha data kwa sekunde) ndogo kadi za zamani hivyo zinaharibu, shela la bibi harusi linakuwa viboksi viboksi. Laivu ipeleke kwa kadi, ile ya kumkabidhi mteja kwenye flashi ienkodi usiku kwa x264 preset slow, nani anakukimbiza?