MREJESHO: ile vepu ya kujiundia iliyokuwa inashuka volti

Wakuu habari, niliuliza hapa kwa nini vepu yangu (sigara ya kielektroniki) ya betri mbili za lithiamu za 18650 kwenye siriz, yenye moduli ya kupunguza volti, naiseti volti 4.2 inasoma vizuri lakini nikibonyeza tu kiswichi cha kuwashia, atomaiza (sehemu yenye koili inayochemsha kimiminika) inapata 3.3, moshi mwembamba hauna ladha. Wengi mlisema moduli imekufa. Haijafa.

Yule mdau aliyesema nipime huku nimebonyeza, kipande kwa kipande, Mungu ambariki sana. Nikabonyeza mita ikiwa kwenye miguu ya moduli, 4.2 imetulia kabisa, nikahamia miguu miwili ya kile kiswichi cha kuwashia nikakuta volti 0.8 imekaa pale na kiswichi chenyewe kina moto wa kuunguza kidole. Koili ya omu 1.5 kwa volti 4.2 inataka karibu ampia 2.8, na viswichi vidogo vile vingi ni vya miliampia 50, sasa kitabeba wapi!

Nimeweka mosfeti IRLZ44N (swichi ya kielektroniki) upande wa negativu ndo ibebe mzigo, kiswichi kinaamsha geti tu (mguu wa kuiwasha), na rezista ya kilo-omu 10 kutoka geti kwenda sosi (mguu wake wa upande wa negativu), msiiache hiyo maana geti likielea bila kushikwa na volti yoyote, mosfeti inaweza kujiwasha yenyewe mfukoni. Waya nazo nimebadilisha za nene. Sasa koili inapata 4.1 na moshi ni wa maana.

Kabla sijafunga boksi naongeza fyuzi kwenye betri, ya ampia 5 inatosha au?