Naomba ushauri: npm inanigomea kwenye Nix

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa aliyewahi kupita njia hii.

Nina programu ya lugha ya Go yenye ukurasa wa wavuti ndani yake. Naifungasha kwa Nix (mfumo wa kujenga na kusakinisha programu) ili yeyote akiijenga apate faili lile lile, baiti kwa baiti. Upande wa Go umetulia. Balaa ni npm (kisakinishi cha vifurushi vya JavaScript): package-lock.json, yaani orodha ya vifurushi hivyo na matoleo yake, ina mistari zaidi ya 9,000, na ukurasa wenyewe una vitufe vitatu!

Natumia buildNpmPackage (kitendakazi cha Nix cha kujenga miradi ya npm), na npmDepsHash, heshi ya kuhakiki vifurushi, nimeijaza. Vifurushi vinashuka vizuri, ila kimoja kina skripti ya postinstall (hujiendesha baada ya kifurushi kusakinishwa) inayotaka kuvuta programu nyingine mtandaoni, na hapo Nix imeshafunga mtandao. Nikiweka --ignore-scripts inapita, lakini majaribio yanafeli kwa kukosa hiyo programu.

Halafu nikirudia ujenzi kwa `nix build --rebuild`, app.js inatofautiana. Diffoscope (zana ya kulinganisha faili) imenionyesha mstari mmoja tu: saa ya ujenzi, 14:02:11 dhidi ya 14:05:40. SOURCE_DATE_EPOCH (tarehe isiyobadilika ya kutumia badala ya saa halisi) ipo, Nix yenyewe huiweka; nahisi skripti yangu ya kuunganisha JavaScript haiisomi.

Maswali yangu:

Hiyo programu niishushe kando kwa fetchurl (kipakuzi cha Nix) yenye heshi, kisha nikielekeze kifurushi huko, au nikitoe kabisa?

Na saa niiondoe wapi? Kuifuta kwa sed (zana ya kubadili maandishi) baada ya kujenga naona ni kuziba ufa kwa gazeti.

Kupakia node_modules (folda ya vifurushi vilivyosakinishwa) nzima kwenye Git sitaki, jamani. Natanguliza shukrani.