Nimeuliza swali la Katiba, bwana mkubwa ananiuliza kama nimeolewa!

Binti Makole:
Wakuu, naandika nikiwa kwenye bajaji, hata nyumbani sijafika, na nisiposema sasa hivi nitapasuka.

Yule bwana mnamjua. Jina silitaji, na halina haja. Aliyewahi kukanyaga kongamano lolote hapa Dodoma ameshamsikia. Yule ambaye akishika kipaza sauti hakirudi mpaka betri iombe msamaha. Yule wa "nimeanza sheria wengi wenu hamjazaliwa". Huyo huyo.

Mada ya leo uteuzi wa majaji. Bwana kapanda jukwaani asubuhi, kashuka jua limeshahama dirisha. Anatuambia jaji hatakiwi kuwa mwanaharakati, kwamba kuna "ajenda", na kwamba mtu aliyewahi kutetea haki za mashoga hata mara moja, au anayedhaniwa kuwa yeye mwenyewe ni shoga, hawezi kuhukumu kwa haki kesi yoyote, hata ya mbuzi aliyekula mahindi ya jirani. Watu makofi. Sawa, ni maoni yake.

Ukafika muda wa maswali. Nikanyoosha mkono. Nikaanza na shikamoo, wakuu, mjue nimelelewa. Nikasema: "Mzee, Ibara ya 109 ya Katiba inasema majaji wa Mahakama Kuu wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na sifa zao zimeandikwa. Je, upendeleo wa jaji tunaupima kwa maslahi aliyonayo kwenye shauri lililo mbele yake, au kwa uvumi wa chumbani kwake?"

Mnajua alijibu nini?

"Binti, kabla sijakujibu. Umeolewa?"

UMEOLEWA?!

Ukumbi ukaanguka. Mshereheshaji kacheka. Mpiga picha kaacha kamera kacheka. Kuna mama mstari wa mbele kacheka mpaka kilemba kikadondoka. Nadhani hata waliokaa Nyerere Square wamekisikia kile kicheko. Na mimi nimesimama pale nimeshika kipaza sauti nasubiri jibu la Ibara ya 109!

Nikasema, "Mzee, swali langu ni la Katiba." Akasema, "Tumeshakuelewa mwanangu, kaa." Tumeshakuelewa nini? Nani kaelewa nini? Kijana wa itifaki akaja kuninyang'anya kipaza sauti.

Niseme mapema, maana najua mtakuja na maneno yenu. Sijasema sheria ya nchi ibadilishwe. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile kinachokataza kuingiliana kinyume na maumbile, nakijua na sikukigusa. Nimeuliza jaji anapimwaje. Yeye kanipima mimi kidole cha pete. Mbele ya wanafunzi wa Udom, mbele ya bosi wangu, mbele ya watu ninaokutana nao mahakamani kila wiki. Umeolewa? Kwani ndoa ni sharti la kuuliza swali tangu lini? Iko ibara ya ngapi?

Umeolewa!! Mimi!!

Kijana wa Nkuhungu:
Wa kwanza leo. Nimekaa paleee na karanga zangu.

Mzee wa Zabibu:
Pole binti. Lakini uzi wote nimesoma na swali hujalijibu. Umeolewa?

Binti Makole:
Mzee wa Zabibu, naomba unistahi. Leo sina utani.

Mtoto wa Kikuyu:
Nilikuwepo, nyuma kule karibu na mlango. Mleta mada hajazidisha chumvi. Kilemba kweli kilidondoka.

Mtanzania Kamili:
Dada, na wewe umeyatafuta. Kwa mila zetu na dini zetu jambo hilo halina mjadala, unalipeleka kwenye kipaza sauti halafu unashangaa watu kucheka? Jaji lazima awe mtu ambaye jamii inamwamini. Jamii yetu haiwezi kumwamini mtu wa namna hiyo. Mzee amekosea kukuuliza ndoa, hapo nakupa haki yako, ila hoja yake imesimama.

Binti Makole:
Mtanzania Kamili, soma tena. Mada kaileta YEYE. Mimi nimeuliza kipimo. Kama kipimo ni jamii kuamini, waseme, tukijadili. Hakujibu. Kaniuliza nimeolewa!

Wakili Bila Tai:
Hasira za mleta mada ni za haki. Hiyo mbinu ya kukwepa hoja kwa kuchungulia nyumba ya mtu tumeshaiona kwa jirani. Mwaka 2011 Wakenya walipokuwa wanamtafuta Jaji Mkuu baada ya Katiba mpya, Willy Mutunga alisailiwa hadharani. Mwanaharakati wa miaka mingi, aliwahi kuongoza lile shirika la kiraia la Kenya Human Rights Commission. Watu hawakuuliza sana ameandika nini au ametetea nani. Waliuliza HERENI aliyovaa sikioni. Viongozi wa dini wakaja juu, akaulizwa mambo ya ushoga, akajibu kwamba yeye si shoga ila habagui watu, na hereni haivui hata akipewa huo Ujaji Mkuu. Wakampa.

Sasa angalieni kilichofuata. Machi 2013 zinafunguliwa kesi za kupinga ushindi wa Uhuru Kenyatta. Raila Odinga yumo, na AfriCOG, watu wa asasi za kiraia, wanaharakati wenzake kabisa, nao wamo. Mahakama ya Juu chini ya Mutunga ikatupa kesi zote. Wenzake wakaondoka mikono mitupu. Uanaharakati wake uliwasaidia nini?

Ng'ombe wa Bahi:
Hereni tu?? Na kitambulisho cha kliniki hawakuomba?

Msema Hovyo:
Wakili, unachagua mfano unaokufaa. Na Hoffmann je? Novemba 1998, Uingereza, enzi hizo mahakama ya juu kabisa ilikuwa Bunge la Mabwana. Wakaamua kwa kura 3 kwa 2 kwamba Pinochet, dikteta wa zamani wa Chile, hana kinga ya kutoshtakiwa. Katika wale watatu yumo Lord Hoffmann. Kumbe bwana huyo ni mkurugenzi wa taasisi ya hisani ya Amnesty International, lile shirika la haki za binadamu, na Amnesty ilikuwa imeruhusiwa kuingia kwenye shauri lile lile! Alikaa kimya. Uamuzi ukafutwa Desemba hiyo hiyo. Kwa hiyo msituambie uanaharakati haudhuru. Mzee wenu ana pointi.

Wakili Bila Tai:
Umenisaidia mwenyewe. Hoffmann aliangukia wapi? Kwenye kuwa na mawazo? Hapana. Taasisi yake ilikuwa upande mmoja wa shauri, na hakusema. Hayo ni maslahi, ndiyo aliyouliza binti. Na waliokuja kusikiliza upya, Machi 1999, nao walisema Pinochet hana kinga, ingawa kwa mashtaka machache zaidi.

Sasa weka pembeni yake Jaji Vaughn Walker wa San Francisco. Reagan alimpendekeza 1987. Watetezi wa mashoga ndio waliompinga! Kwa nini? Akiwa wakili aliisimamia Kamati ya Olimpiki ya Marekani kuwazuia mashoga kutumia jina la Olimpiki kwenye michezo yao. Uteuzi ukakwama, akaja kupata kwa Bush mkubwa 1989. Agosti 2010 huyo huyo akafuta katazo la California la ndoa za jinsia moja. Amestaafu, 2011, anasema hadharani ana mwenzi wa kiume wa miaka mingi. Walioshindwa wakakimbilia mahakamani kuomba hukumu ifutwe. Juni 2011 Jaji James Ware akawakatalia. Mtu huyo huyo, mwanzo kakataliwa kwa kuonekana adui wa mashoga, mwisho kwa kuwa mmoja wao. Mkipima watu hivyo hamtabaki na jaji. Mwanamke asisikilize kesi ya talaka, mwenye shamba asisikilize kesi ya shamba, mpangaji asisikilize kesi ya kodi.

Mzee wa Zabibu:
Mwenye shamba asisikilize kesi ya shamba, hilo naliunga mkono kwa mikono miwili.

Mtanzania Kamili:
Marekani na Uingereza kwao, Tanzania kwetu. Katiba yetu inasemaje?

Wakili Bila Tai:
Katiba yetu nzuri tu, someni. Ibara ya 113A. Jaji, msajili na hakimu ni marufuku kujiunga na chama cha siasa. Lakini haki ya kupiga kura wameachiwa. Yaani Katiba inajua kwamba jaji siku ya uchaguzi anaingia kwenye kile chumba na ana anayempenda. Ilichokataza ni kufungwa kamba na upande. Kichwa chake hawakukipasua kuangalia ndani.

Binti Makole:
Wakili, HAYA ndiyo niliyotaka nijibiwe pale! Dakika mbili tu! Angeweza hata kunipinga, kama Msema Hovyo alivyofanya, angenitajia Hoffmann, ningekaa chini nikamshukuru. Miaka yote hiyo ya sheria, jibu alilonalo ni "umeolewa"?

Bibi wa Area C:
Mwanangu, nikwambie kitu. Mimi nimeolewa, nina wajukuu, na mtu huyo huyo aliwahi kuniuliza kwenye mkutano kama mume wangu anajua nipo pale. Ukiolewa atatafuta jingine.

Binti Makole:
Asante bibi yangu. Shikamoo. Basi tupo wengi.

Msema Hovyo:
Mimi simtetei kwa swali lile. Lile lilikuwa la kilabuni. Ila wanasheria vijana nanyi mmezidi ibara ibara, mtu anakuja kusikiliza anatoka na kichwa kinauma.

Kijana wa Nkuhungu:
Tuache hayo. Chakula kilikuwaje? Maana mimi nilialikwa nikasita.

Mtoto wa Kikuyu:
Usiulize. Wali umepoa, kuku kapita kwa mbali. Nauli walisema mtajaza fomu, fomu tumejaza, mweka fedha hayupo.

Ng'ombe wa Bahi:
Hahaha mweka fedha hayupo! Huyo kila kongamano hayupo. Huyo ndiye afunguliwe uzi.

Mama Ntilie wa Jamatini:
Mnagombana majaji wa San Francisco, mimi kesi yangu ya kiwanja hata jaji sijamwona. Kiwanja kimoja, wenye karatasi wawili, na mwenzangu kashajenga msingi. Kila nikienda, faili halipo. Faili likiwepo, mhusika yupo safarini. Mimi hata jaji wangu awe na hereni kumi, aje tu anisikilize!

Binti Makole:
Mama, pole sana. Kama una hati ya umiliki na risiti za malipo, tafuta wakili mapema uombe amri ya zuio, mwenzako asiendelee kujenga wakati shauri linasubiri. Usikae.

Mama Ntilie wa Jamatini:
Nakushukuru mwanangu. Wakili bei gani?

Mzee wa Zabibu:
Hapo sasa ndipo mlipofika. Mawakili! Tuanze kuwasema mawakili!

Wakili Bila Tai:
Mzee, naomba tubaki kwenye mada.

Fundi Bomba:
Mada gani mkuu, viwanja ndiyo mada ya Dodoma. Tangu serikali ihamie huku kila mtu anataka kujenga. Mimi nachimba visima, nawaona. Mtu ananunua kiwanja porini, anamwaga msingi, anaezeka, anahamia na watoto, ndipo anaanza kuuliza maji yapo wapi.

Ng'ombe wa Bahi:
Umenigusa. Nimechimba, maji yametoka, chumvi tupu. Chai ukipika inakatika maziwa.

Bibi wa Area C:
Huko ulikojenga kunajulikana kwa chumvi tangu sisi watoto. Ungeuliza wenyeji. Maji matamu ni ya Mzakwe.

Mtanzania Kamili:
Na wenye maboza ndiyo wamepata mwanya. Bei wanapanga wenyewe, ukiwaambia bei kubwa wanageuza gari. Hili ndilo jambo la kufungulia uzi wa maana.

Binti Makole:
Jamani. Uzi wangu.

Kijana wa Nkuhungu:
Dada uzi umeshakuwa wa maji. Fungua mwingine.

Msema Hovyo:
Fundi, hiyo chumvi haina dawa? Nasikia kuna mashine za kuchuja.

Fundi Bomba:
Zipo, ila si za bei ya mfuko wetu. Na kuchemsha hakutoi chumvi, msidanganyane. Ng'ombe wa Bahi, chota ndoo moja asubuhi, ioshe kwanza, niletee niipeleke ipimwe. Nipo nyuma ya soko la Majengo mpaka saa kumi.