Mchanga wa upepo kutoka North Horr: Arenosoli, Psamenti, au ramani ya zamani?

Msafiri_Umoja
Wadau, naombeni msaada kabla ya Jumatatu. Ofisi yetu iko Eneo la Viwanda, tunauza mipira ya umwagiliaji na mteja akitaka tunamwandikia ripoti ya udongo. Sasa kuna kikundi kinachotaka kupanda nyasi na miti ya kukinga upepo kwenye tambarare ya mchanga upande wa North Horr, kaunti ya Marsabit. Sampuli zilikuja na lori la mbuzi hadi Kiamaiko, nikazichukua jana. Mifuko inanuka beberu lakini lebo zimesalimika: sentimita 0–30, 30–60 na 60–100.

Shida ni jina. Kikundi kilikuwa na mshauri kabla yetu, na ripoti yake inasema "Ustipsamenti tipiki, mchanganyiko, mesiki", jina la mfumo wa Marekani wa kuainisha udongo. Nikaitafuta ile aya mtandaoni, nikaikuta karibu neno kwa neno kwenye maelezo ya udongo uitwao Valentine, ule wa vilima vya mchanga vya Nebraska, Marekani. Bosi anasema tuandike Arenosoli, yaani udongo wa mchanga kwa WRB, mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo, tumalize. Mwenzangu wa maabara anataka tufuate ramani ya zamani ya Kenya Soil Survey. Kwa hiyo njia ni tatu. Ninyi mngeshika ipi?

Jembe_na_Lenzi
Huyo mshauri alinakili hadi baridi ya Nebraska! "Mesiki" maana yake wastani wa joto la udongo kwa mwaka, kwenye kina cha sentimita 50, ni kati ya nyuzi 8 na 15. Ukipata nyuzi 15 chini ya ardhi ya North Horr, jua umechimba ukatokea kwenye friji ya mtu. Kule joto la udongo liko juu ya nyuzi 22 na halipandi wala kushuka sana msimu hadi msimu. Neno lake ni isohaipathemiki.

Na "usti" pia imepotea njia. Livunje jina kuanzia nyuma: "enti" ni Entisoli, yaani udongo ambao bado ni mchanga kwa umri, haujajenga matabaka yake. "Psamu" ni mchanga kwa Kigiriki, kwa hiyo Psamenti ni Entisoli ya mchanga. (Kiswahili kimetuwekea mtego hapo: udongo mchanga wa mchanga.) "Usti" ni hali ya unyevu, udongo unaokauka sehemu ya mwaka lakini mvua hunyesha wakati mimea inaihitaji. Mahali ambapo mvua haifiki milimita 250 kwa mwaka huwezi kusema hivyo. Ni "tori", udongo mkavu kwelikweli, basi Toripsamenti.

Mfumo wa Wamarekani ni mzuri kwa sababu jina moja linakubebea hali ya hewa, madini na umbile. Lakini unakudai takwimu. Nani amekaa North Horr na kipimajoto ardhini mwaka mzima? Utakadiria tu kutokana na mvua na joto la hewa. WRB haitumii hali ya hewa kuainisha, inataka unachokiona na kukipima shimoni. Kura yangu WRB.

Fundi_Kayole
Mimi si msomi wa udongo, mimi ni wa mwiko. Ila niwaambie, huo mchanga wa upepo msiniletee saiti. Mchanga wa mto kutoka Machakos ukiufinya mkononi unakwaruza, punje zina kona, kubwa na ndogo zimechanganyika. Wa upepo unateleza kama mtama, punje zote saizi moja. Hiyo zege haishikani vizuri.

Jembe_na_Lenzi
Fundi, umefundisha somo zima hapo. Upepo ni mchaguzi. Vumbi laini hulipeperusha juu likaenda mbali, kokoto huziacha pale pale, na zilizobaki, hasa za milimita 0.1 hadi 0.5, huruka kidogo, zikaanguka, zikaruka tena, zikigongana njia nzima. Ndiyo maana zinatoka zimelingana na zimeviringika. Msafiri, tafuta lenzi ya mara kumi. Punje za mto mara nyingi zinang'aa, za upepo zimefifia kama kioo kilichosuguliwa na msasa.

Mama_Makueni
Kumbe hata shamba langu ni la upepo! Kwetu tunauita kithangathi. Maji ukimwaga yanapotea kabla hujasimama wima.

Mzee_wa_Ramani
Mama, samahani, hapana. Nimezunguka Makueni na fuko la kuchukulia sampuli tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Mchanga wenu mwingi umezaliwa hapo hapo: miamba ya zamani sana ya aina ya naisi imeoza, mfinyanzi ukachukuliwa na maji, punje ngumu za kwatzi zikabaki. Haukuletwa na upepo. Chimba mita moja na nusu na pengine utakutana na mwamba uliooza ukiwa bado na mistari yake.

Na hapa ndipo nawashika wote wawili, wa WRB na wa Marekani. Majina yenu makuu yanatazama ukubwa wa chembe. Arenosoli inaweza kuwa kilima cha upepo, ufuo wa bahari au naisi iliyooza ya Mama hapa. Psamenti vivyo hivyo. Msafiri anauliza kuhusu mchanga wa upepo na majina yenu hayamwambii upepo ulipita.

Ramani yetu ya 1980, ya kipimo cha 1:1,000,000, ilianza na swali hilo. Herufi ya kwanza kwenye alama ni umbo la ardhi, ya pili ni mwamba au mashapo yaliyozaa udongo, ndipo maelezo ya udongo wenyewe yanafuata na jina la FAO-Unesco, orodha ya kimataifa ya wakati huo. Mfugaji au mhandisi anaelewa bila kamusi.

Jembe_na_Lenzi
Mzee, heshima zako. Lakini milimita moja kwenye ramani hiyo ni kilomita nzima ardhini. Shamba la kikundi ni nukta ya kalamu. Na jina la FAO lililomo ni la orodha ya 1974, wakati WRB imefika toleo la nne, la 2022.

Mzee_wa_Ramani
Kweli. Ramani inakuambia utegemee nini, shimo linakuambia kilichopo. Sikusema asichimbe.

Msafiri_Umoja
Asanteni. Jana usiku nilifanya jaribio la chupa jikoni. Chupa ya lita moja, theluthi udongo wa 30–60, maji, kijiko cha sabuni ya unga, nikatikisa dakika tano hadi mke wangu akauliza kama ni dawa. Nikaiweka kwenye meza. Kabla sijahesabu hadi 60, karibu udongo wote ulikuwa umelala chini. Juu yake asubuhi kulikuwa na utando wa kijivu mwembamba kama karatasi ya daftari, na maji unaweza kusoma gazeti kupitia kwake. Sampuli zote tatu ziko sawa. Nikilowesha udongo nijaribu kuuviringa, tonge linavunjika nikifungua vidole.

Sasa maabara inauliza: mchanga tuanze kuuhesabu kwenye punje za milimita 0.05 au 0.063?

Jembe_na_Lenzi
Hilo swali watu hulisahau halafu hesabu hazilingani. Wamarekani wanaanza mchanga kwenye milimita 0.05, WRB kwenye 0.063. Kwa huu wako tofauti itakuwa ndogo, maana upepo haukuacha kitu kingi kati ya hapo. Kwa udongo wa siliti, wenye chembe laini kuliko mchanga, ungeona moto. Amua mfumo kwanza, kisha chagua chekecheke.

Kwa Arenosoli kumbuka masharti: umbile la mchanga au mchanga wenye tifutifu kidogo hadi sentimita 100 angalau, na changarawe chini ya asilimia 40. Psamenti nayo inataka mawe chini ya asilimia 35. Chupa zako zinaelekea huko.

Mzee_wa_Ramani
Pole pole. Uko karibu na Chalbi, ambayo ni kitako cha ziwa lililokauka. Kabla hujaandika Arenosoli, pima chumvi. Ufunguo wa WRB unasomwa kwa mpangilio, na Solonchaki, udongo wa chumvi, inatangulia. Tabaka la chumvi nyingi likiwa karibu na juu, jina limeshachukuliwa na hutafika kwenye Arenosoli. Kisha dondoshea tindikali nyepesi ya hidrokloriki. Ikitoa povu, kuna chokaa, na hiyo inaingia kwenye jina: Arenosoli kalkariki.

Dripu_Daima
Mnabishana majina na mteja anataka nyasi. Hata ungeuita Kamau, udongo wa mchanga unashika milimita 25 hadi 100 tu za maji yanayofaa mmea kwa kila mita ya kina. Mfinyanzi mweusi wa Kitengela unashika 175 hadi 250. Na mchanga unameza maji zaidi ya milimita 30 kwa saa wakati mfinyanzi unakunywa 1 hadi 5. Maana yake: maji kidogo, mara nyingi. Mbolea vilevile, gawa vipande vipande, kwa sababu huo udongo hauna mikono ya kushika chochote. Samadi ya hao mbuzi wa Kiamaiko ingerudi na lori tupu, kazi ingekuwa nusu.

Jembe_na_Lenzi
Dripu, bila jina ungejuaje Nebraska wamejifunza nini? Vile vilima vina eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 na vimetulia kwa sababu ya nyasi tu. Mvua inazama moja kwa moja hadi kwenye hifadhi ya maji ya chini ya ardhi ya Ogallala. Ng'ombe wakikanyaga mahali pamoja hadi nyasi zikaisha, upepo unachimba shimo na mchanga unaanza safari upya. Ndiyo faida ya kujua kwamba Psamenti yao na yetu ni ndugu, hata kama mmoja anavaa koti.

Dripu_Daima
Hapo nakubali. Basi kwenye ripoti aandike kwa herufi kubwa: WASILIME KWA TREKTA. Watoboe mashimo tu, wapande mwanzoni mwa mvua.

Fundi_Kayole
Na wasijenge choo bila kuta za shimo. Huo mchanga unaporomoka ukiuangalia.

Msafiri_Umoja
Nimeamua hivi. Kichwa cha sehemu ya udongo: WRB, Arenosoli, na neno la chokaa au chumvi nitaliongeza vipimo vikirudi. Chini yake sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida kwa mtindo wa Mzee: tambarare, mashapo ya upepo, ikiwa lenzi itakubali. Toripsamenti nitaitaja ndani kwa ajili ya mfadhili, niseme wazi kwamba joto na unyevu tumekadiria. Mesiki nimeifuta kwa kalamu nyekundu hadi karatasi ikatoboka.

Tindikali ofisini iko. Nani ana lenzi ya mara kumi ya kuniazima Jumamosi? Naweza kuifuata hata Kabete.

Mzee_wa_Ramani
Ninayo. Njoo na mfuko wa 60–100, ule wa juu usiuamini, umeshakanyagwa na mbuzi.