Miashoki yangu miwili: mmoja umenawiri, mwingine unageuka manjano

MamaMapacha_Utawala
Hamjambo wapendwa. Niko Utawala, Nairobi, ploti ya 40 kwa 80, na nyumba imeimeza karibu yote. Kilichobaki ni ukanda wa futi 6 kati ya dirisha la sebule na ukuta. Mwaka jana jirani aliinua ghorofa nne, na sasa anayeanika nguo kwenye roshani anaona moja kwa moja mezani kwangu. Nikataka mti wa kwenda juu bila kutanuka, nikachagua mwashoki. Nilinunua miwili kando ya barabara, yote ikinifika kifuani, na fundi akanipandia Machi kabla mvua haijaanza.

Ule wa kwenye kona, penye ardhi iliyoinuka kidogo, umependeza sana. Huu wa dirishani, ninaouhitaji zaidi, majani ya chini yanageuka manjano na kudondoka, na sasa ni mwisho wa Mei. Nimekuwa nikiumwagilia ndoo moja kila jioni. Niongeze maji? Au niung'oe nipande saiprasi? Sitaki kuupoteza.

Kijana_wa_kitalu
Mama, tafadhali usiongeze maji. Huko Utawala ni udongo mweusi, ule wa pamba. Kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia, mvua ikija unavimba na kushika maji kama sufuria. Ukichimba shimo refu humo na kulijaza samadi, umechimba kisima. Mizizi inakosa hewa, inaoza, na majani yanageuka manjano kama ya mti wenye kiu. Ndiyo maana watu wengi huumaliza mti kwa huruma ya ndoo.

Fukua taratibu pembeni mwa shina, kina cha kiganja, kisha unuse udongo. Ukinuka kama mtaro, jibu unalo.

Saiprasi usiikimbilie. Vidukari vyake, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, viliingia Kenya mwaka 1990 na vikakausha nyua nyingi za miti hiyo, na hadi leo unaona tawi limegeuka kahawia katikati ya ua wa kijani. Tawi la saiprasi likishakauka halichipui tena.

Mvita_Bustani
Huku Mombasa mwashoki ni mti wa kila kona, na unakua upesi kwa joto. Nairobi iko juu na Julai kuna baridi, kwa hivyo dada usiupime kwa picha za Pwani. (Wengi huuita ashoka, ila ashoka halisi ya Wahindi, yenye maua ya rangi ya machungwa, ni mti mwingine kabisa.) Jambo moja tu: usikubali mtu akate ncha. Ukikatwa kichwa huota vichwa viwili vitatu, na ule mnara unaoutaka umekwisha.

MamaMapacha_Utawala
Nimefukua leo asubuhi na bado mikono inanuka. Kijana, ulisema kweli, ila kuna zaidi. Fundi aliupanda na karatasi yake! Ile ya plastiki nyeusi ya kitalu, ameikata chini tu, pande zote iko vilevile. Mizizi imezunguka ndani yake mara tatu nne kama kamba ya ndoo ya kisimani, na ya chini ni myeusi, ukiishika ngozi inachubuka na kubaki uzi. Ya juu bado ni myeupe. Nimekaa pale chini nikauonea uchungu. Nifanyeje?

Kijana_wa_kitalu
Kama ya juu ni myeupe, una nafasi. Toa karatasi yote. Kata mizizi iliyooza kwa kisu kikali, na ile inayozunguka ipasue mahali 3 kwa wima ili itafute njia mpya. Shimo lijaze udongo mwekundu uliochanganywa na ule mweusi, kisha pandisha tuta la futi moja na nusu juu ya ardhi na upande mti juu yake. Tuta liwe pana, angalau hatua mbili, na maji ya paa yasielekee hapo. Funga kwa kijiti, Juni hii usiweke mbolea. Maji mara moja kwa wiki, tena baada ya kidole kuthibitisha kuwa chini kumekauka.

Na ule wa kona uuchunguze pia. Fundi ni yuleyule.

MamaMapacha_Utawala
Nimeuchunguza. Nao una karatasi. Jumamosi natoa yote miwili, na safari hii nachimba mwenyewe.