Nyimbo za Mwaka: Kikundi cha Jamaa wa Kibokoni

ALHAMISI

20:14 Shangazi Tudor: Asalam alaykum jamaa. Mwaka wakwisha. Kila mmoja anitumie nyimbo tatu alizozisikiza sana mwaka huu, na aseme kwa nini. Jumamosi tukutane kwa Bibi baada ya magharibi tuzisikize pamoja. Si mzaha.

20:17 Shangazi Tudor: Naanza mimi. Zein l'Abdin kila asubuhi kabla sijafungua duka, udi wake tu, hata maneno siyangojei. Mtu wa Lamu yule akaja kuishi hapa Mombasa, na mkono wake haufanani na wa mwengine. Wa pili Zuhura Swaleh. Ile tashkota, kinanda cha nyuzi, ikianza siwezi kukaa kitako, nimezaliwa nayo masikioni. Wa tatu Umm Kulthum, huyo ni wa kupikia biriani. Anza kukaanga vitunguu, akimaliza wimbo mmoja nyama imeshaiva.

20:58 Shangazi Tudor: Naona alama za buluu tu. Mmesoma nyote.

21:20 Ma'Pacha: Waalaykum salaam Shangazi. Nalaza watoto, naja.

21:33 Kijana wa Feri: Shangazi mimi simu imenihesabia yenyewe, ile programu ya muziki ya Spotify. Wa kwanza Ali Kiba, wa pili Nyota Ndogo, wa tatu Juma Bhalo wa taarabu. Huyo wa tatu ni sababu yako wewe.

21:34 Shangazi Tudor: Allah akuhifadhi. Huyu ndiye mtoto.

21:41 Ma'Pacha: Na mimi imenihesabia. Msanii wangu wa mwaka ni mvua 😭

21:41 Kijana wa Feri: Mvua??

21:42 Ma'Pacha: Sauti ya mvua. Pacha hawalali bila hiyo. Usiku kucha yanyesha ndani ya simu.

21:43 Ami Likoni: Mualikeni kwenye harusi ya Kisauni. Hatotaka malipo, ataka ndoo tu.

21:44 Kijana wa Feri: 😂😂 Na wageni waje na miavuli

21:46 Ami Likoni: Aje Likoni pia, maji ya mfereji hatujayaona tangu juzi

21:49 Shangazi Tudor: Haya. Mmecheka. Sasa nisikizeni. Hiyo hesabu ya simu yaandika wimbo ukishapita sekunde 30, hata kama aliyewacha simu yuko chooni. Na hufungwa kabla mwaka wenyewe kwisha. Wimbo ulioulilia jikoni kwa redio haumo. Harusi haimo. Bibi hayumo kabisa, na Bibi ndiye anayesikiza kutushinda sote. Spotify imeingia Kenya 2021, yeye alikuwa na redio yake dirishani kabla sisi hatujazaliwa. Mwaka wake nani atauandika?

21:51 Shangazi Tudor: Ndipo ninapotaka kufika. Lile sanduku la kanda.

21:52 Shangazi Tudor: Kanda za Bhalo na Maulidi Juma sina wasiwasi nazo, watu wengi wanazo na nyengine ziko mtandaoni. Wasiwasi wangu ni zile tulizorikodi wenyewe, harusi zetu, makesha yetu. Hizo hazipo popote duniani ila mle sandukuni. Na Mombasa mwaijua, chumvi na joto. Kanda yafanya ukungu, ule unga wa kahawia wabanduka, siku moja yazunguka na haina kitu. Nataka tuzitie kwenye kompyuta kabla ya Ramadhani.

21:55 Kijana wa Feri: Naweza Shangazi. Waya mmoja kutoka tundu la spika za masikio hadi kompyuta, na programu ya kurikodi ni ya bure. Ila kanda haiharakishwi. Ya dakika 60 ni saa nzima, nusu upande huu, nusu upande ule. Sanduku zima si kazi ya Jumamosi moja.

21:56 Shangazi Tudor: Tuanze na mbili.

22:48 Shangazi Malindi: Nimechelewa, nilikuwa na wageni. Kabla ya kompyuta, tuulizane kwanza ile kanda ya vugo la marehemu mama iko wapi. Au tutanyamaza na mwaka huu?

22:49 Shangazi Malindi: Maana mimi nyimbo zangu tatu sina. Mwaka mzima nimetafuta sauti moja.

22:57 Kijana wa Feri: Shangazi Malindi samahani, vugo ndiyo ile ya pembe?

22:59 Shangazi Malindi: Pembe za nyati mwanangu, zagongwa kwa kijiti, wanawake harusini wanajibizana. Mama ndiye aliyekuwa akianzisha. Mtaa mzima wa Kuze wakimngoja yeye. Na amerikodiwa mara moja tu maishani mwake.

23:02 Shangazi Malindi: Na vile vijino vya nyuma ya kanda nilivivunja mwenyewe, vyote viwili, mtu asije akarikodi juu yake. Mtu akabandika karatasi ya gundi kwenye tundu akarikodi mpira wa redioni.

23:20 Ami Likoni: Dada, nilikuwa na miaka kumi na mbili.

23:21 Shangazi Malindi: Na sasa?

IJUMAA

06:10 Shangazi Tudor: Subalkheri. Ijumaa ya leo tusianze hivi, nawaomba. Nyimbo hazijafika. Nina watu watatu tu.

06:12 Shangazi Tudor: Na redio kaseti ya kupigia kanda ni nani anayo inayofanya kazi? Ya Bibi mkanda wake wa ndani umelegea, yaimba kama yasinzia.

09:35 Binamu Muscat: Sabahalkheri kutoka huku. Mimi mwaka huu mzima ni Bhalo. Usiku nikitoka kazini najilaza na mashairi yake, kila neno limekaa pahali pake. Alipofariki 2014 nilikuwa huku, sikuwahi kuja kumzika. Basi namsikiza.

09:36 Kijana wa Feri: Wallahi Binamu 🙌

13:58 Ma'Pacha: Jamaa, Bibi amenipa simu nimrikodie. Nimekaa naye, amesoma yote. Yaani nimemsomea yote.

13:59 Ma'Pacha: Ujumbe wa sauti (2:06)

14:03 Ma'Pacha: Kwa walioko kazini, haya ndiyo maneno yake, sikuongeza langu:

"Asalam alaykum wanangu. Nimeambiwa mwataka nyimbo tatu. Mimi nina mmoja. Mwaka huu nimesikiza upande wa pili wa kanda ya harusi ya Kuze. Mpira uko upande wa kwanza. Upande wa pili haukuguswa, ndugu yangu, mamake Malindi, yumo. Yuwapiga vugo, kisha yuaniita kwa jina nipokee, na mimi nachelewa kupokea kwa sababu nacheka. Nasikia kicheko changu. Sikumwambia mtu kwa sababu kila ikitajwa kanda hii mwagombana. Tudor, sanduku halitoki nyumba hii. Mwenye mtambo aje nao, akae hapa, arikodi mbele yangu. Malindi, njoo, mlango wajua. Na huyu wa Likoni asiulizwe tena. Nimeshamuuliza mimi."

15:47 Shangazi Tudor: Nimesikia mama.

16:20 Ami Likoni: Nimesikia.

19:05 Shangazi Malindi: Ma'Pacha, niwekee ile sauti isifutike. Nimeisikiza ndani ya gari, siwezi kuandika zaidi.

19:40 Binamu Muscat: Upande wa pili! Miaka yote hii.

JUMAMOSI

07:30 Shangazi Tudor: Haya. Mpango wabadilika. Nyimbo zetu tutaziweka nyuma. Kwanza ile kanda, upande wa pili, na kijana ashughulike nayo kabla ya kitu chengine chochote. Isirudishwe mbele na nyuma ovyo. Kichwa cha redio kisafishwe kwa pamba na spiriti kwanza. Nani ana redio?

08:15 Kijana wa Feri: Kompyuta na waya ninazo. Redio sina.

08:50 Ami Likoni: Mimi ninayo, nzima kabisa. Lakini leo niko zamu mpaka saa mbili usiku, na feri mwaijua ya Jumamosi.

08:52 Shangazi Tudor: Mpe mtu aje nayo.

08:53 Ami Likoni: Simpi mtu. Nitaileta mwenyewe.

08:55 Kijana wa Feri: Basi tuanze saa tatu usiku?

08:56 Ma'Pacha: Bibi saa tatu ameshalala jamani

09:01 Kijana wa Feri: Na mvua wa Ma'Pacha aja?

09:02 Shangazi Tudor: Si sasa wewe.

10:31 Shangazi Malindi: Leo sipati gari. Kesho naweza kuanzia asubuhi. Msiiguse kanda mpaka nifike.

10:33 Shangazi Tudor: Kesho kuna watu wa Kisauni kuja kuangalia mahari. Jumatatu?

10:34 Shangazi Tudor: Malindi?

10:50 Shangazi Tudor: Likoni, Jumatatu zamu yako ni ipi?

12:17 Ami Likoni: Naangalia. Mahamri ya leo lakini yapo? Maana mimi naja na redio vivyo hivyo.

12:40 Shangazi Tudor: Yapo, na mbaazi. Wengine bado nangoja nyimbo zenu tatu.