Naomba ushauri: mume ametoka kuugua, kule tunakotumika hali si shwari, na kibali chetu cha kuishi kule kinakaribia kuisha

MamaKituo:
Shalom wapendwa, na wengine wote habari za saa hizi.

Mimi na mume wangu ni wamisionari. Tulirudishwa nyumbani baada ya yeye kushikwa na malaria kali, ile ya kupanda kichwani. Alipata degedege, akapoteza fahamu, akachomwa sindano za artesuneti na kuongezewa damu. Mungu ni mwema, sasa anatembea, anakula na anabishana nami kama zamani.

Tulipoanza kujiandaa kurudi, nchi ikachafuka. Matokeo ya uchaguzi yamekataliwa, kuna maandamano, usiku watu hawaruhusiwi kutoka nje, intaneti inakatwa na kurudishwa. Ndege bado zinatua, ila ratiba hazitabiriki.

Mizigo iko sebuleni, imefungwa. Kila jioni mume anafungua begi la vitabu, anatoa kimoja anasoma, asubuhi anakirudisha na kufunga zipu. Bodi iliyotutuma inasema "subirini" bila kutuambia tunasubiri nini hasa. Wafadhili wameanza kuuliza, wengine wamepunguza mchango kimyakimya. Sasa mume anataka nitangulie mimi nikashike kazi, yeye afuate akipata nguvu.

Mliopitia maisha haya, mngefanyaje? Naomba msiniambie "omba tu". Kuomba tunaomba.

Mkongwe wa Njia:
Pole sana dada. Kutangulia peke yako mimi nakataa moja kwa moja. Njia ikifungwa, wewe utakuwa kule na mgonjwa huku, na bodi itakuwa na kesi mbili badala ya moja.

DaktariMstaafu:
Naongea ya hospitali tu, siasa nawaachia wenyewe.

Mosi, aliyetibiwa kwa artesuneti ya sindano anaweza kupungukiwa damu baadaye, wakati anaonekana amepona kabisa, kwa sababu chembe nyekundu huvunjika kwa kuchelewa. Ndiyo maana hupimwa damu kila wiki hadi wiki ya nne. Kama hakupimwa, au alipimwa mara moja mkaridhika, rudini kwa daktari.

Pili, watu hudhani ukiugua sana umekuwa sugu. Kinga ya malaria ni ya kiasi tu, na ukikaa mbali na mbu inazidi kupungua. Atarudi akiwa dhaifu kuliko alivyoondoka. Kwa hiyo neti na dawa ya kinga havina mjadala. Na kwa sababu alipata degedege, daktari ajue kabla ya kumwandikia: dawa ya kinga iitwayo meflokwini haimfai mtu mwenye historia hiyo. Doksisaiklini ni njia mojawapo, inamezwa kila siku na kuendelea wiki nne baada ya kutoka eneo la malaria.

Homa ya manjano isiwatie hofu. Kama mna cheti halali cha chanjo, tangu 2016 kinahesabika cha maisha yote.

Kijiti:
Samahani kama nitaudhi. Huko hakuna wachungaji wenyeji? Mnang'ang'ania kurudi kwa ajili yao au kwa ajili ya wafadhili?

MamaKituo:
Umeniudhi kidogo, lakini jibu unastahili. Wapo, na ndio wanaoendesha ibada na zahanati sasa hivi. Sisi tunafundisha wahudumu na kusimamia dawa.

Kijiti:
Basi waulizeni wao, bodi baadaye. Wakati wa vurugu mgeni huwa mzigo. Anahitaji kusindikizwa na kufichwa, na nyumba anayolala inatazamwa. Usiulize "mnatutaka?", maana kwa heshima watasema karibuni. Uliza "tukija mwezi huu, nani ataacha kazi yake kutuhudumia?"

Mkongwe wa Njia:
Kijiti leo umesema kitu. Mimi naongeza hili: mnajadili afya kivyake na usalama kivyake. Homa ikipanda saa nane usiku, wakati barabara ina vizuizi na askari, mtamfikishaje hospitali? Na hiyo hospitali ina damu ya akiba usiku huo? Jenereta ina mafuta? Mpigieni mganga wa pale, si rafiki wa mjini. Akisitasita kujibu, mmejibiwa.

Karani wa Safari:
Upande wa makaratasi. Bima nyingi za safari zina kipengele kinachotoa nje vita na machafuko, na kingine kinachotoa nje ugonjwa uliokuwepo kabla ya kukata bima. Ninyi mmeangukia vyote viwili. Ombeni majibu kwa maandishi: mgonjwa akihitaji kusafirishwa, nani analipa? Na kama ni kukimbia risasi, si ugonjwa? Hizo ni huduma mbili tofauti, msidanganyike na neno moja "uokoaji".

Kibali msikiache kife. Ulizeni ubalozini kama mnaweza kuomba kuongezewa muda mkiwa nje, mkaambatanisha barua ya daktari. Ugonjwa ni sababu inayoeleweka. Ila sheria zinatofautiana, msitegemee simulizi za watu, hata zangu.

Kalamu Kavu:
Wanaosubiri husahau Krapf, yule mmisionari Mjerumani. Mwaka 1844 alifika Mombasa, na mwezi Julai mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto mchanga. Afya ikamrudisha Ujerumani 1853. Akajaribu tena kwenda Ethiopia, mwili ukakataa. Lakini aliendelea na kazi ya lugha akiwa kwao, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mume wako na yale mafunzo ya wahudumu, hayaandikiki kutoka sebuleni? Intaneti ikirudi hata saa moja, masomo ya sauti yanafika.

MamaKituo:
Ahsanteni. Nimemsomea mume yote, hata ya Kijiti. La kutangulia peke yangu tumelifuta. Kesho anaenda kupimwa damu, maana baada ya kipimo cha kwanza hatukurudi. Nimempigia mganga wa kule pia: damu ya akiba hakuna, na mafuta ya jenereta wanagawa kwa saa.

Karani, barua ya daktari iandikwe kwa lugha yetu au ya nchi ile?

Karani wa Safari:
Zote mbili, na tafsiri igongwe muhuri. Pelekeni kabla kibali hakijaisha, hata kama imebaki siku moja.